Mwanamke Aliyezuia Fatiha

Kila nikisikia watu wanasema "tumekubaliana sote," namtafuta Somo kwa macho. Hunitokea hata ofisini kwetu Olaya, hapa Riyadh, katikati ya watu wanaotikisa vichwa kabla mkubwa hajamaliza anachosema. Natazama kiti kimoja kimoja, nikimtafuta mama mnene mwenye kipepeo cha ukindu cha kujipepea, aliyelaza mikono mapajani na wala hana haraka ya kwenda popote. Simwoni, na jambo linapita.

Alikuwa somo yangu mimi, yaani yeye ndiye niliyekabidhiwa nilipovunja ungo, anifunze ya kikubwa ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Lakini Jeddah nzima, namaanisha ile Jeddah yetu ya nyumba za Wazanzibari, ilimwita Somo. Walimwita hivyo wanaume pia, na hata wale ambao hakuwahi kuwafunza lolote isipokuwa kusubiri.

Wanawake wetu walikuwa na kikao chao kila Alhamisi baada ya Alasiri, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Humo ndimo yalimoamuliwa mambo: harusi, hitima, nani apelekewe chakula, nani asuluhishwe na mumewe. Wanaume walikuwa na jumuiya yao yenye mwenyekiti na muhuri, na masikini waliamini kuwa wao ndio wanaoamua. Kikao cha kina mama hakikuwa na mwenyekiti wala kura. Jambo likishazungumzwa, mwenye nyumba alisema, "Haya, tulisomee Fatiha," na wote wakanyanyua mikono. Mikono yote ikiwa juu, Fatiha ilisomwa na jambo likapita. Mmoja tu akiiacha yake chini, Fatiha haikusomwa, na hakuna aliyeruhusiwa kulitenda lile jambo, wala kulianza, mpaka kikao kingine.

Wengi wetu hatukuwahi kuutumia uwezo huo. Ni nani anataka kutazamwa na macho yale yote, huku sambusa zinapoa? Somo alitaka. Mikono ilinyanyuka duara zima, yake ikabaki pale pale, na mwenye nyumba akamuuliza kwa sauti ya mtu aliyekwishachoka, "Somo, vipi tena?"

"Mie bado," alijibu, na akaendelea kujipepea.

Hakusema hapana, wala sitaki. Alisema bado, kama chungu kilichoko jikoni. Ukimuuliza sababu, mara nyingine alikupa, mara nyingine alikwambia moyo wake haujatulia, na hapo ndipo watu walipotamani kumfinya. Na kilichowaudhi zaidi ni kwamba baada ya kuwaharibia kikao chao yeye ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuingia jikoni kumsaidia mwenye nyumba. Alikuwa akiosha vikombe huku akiimba, akiuliza habari za watoto, kama kwamba hakuna aliyemkasirikia. Mama yangu alikuwa akirudi nyumbani anatukana njia nzima, kisha siku ya pili anamtuma mtu ampelekee Somo bakuli la mchuzi wa papa.

Nisimpambe. Mengi aliyoyazuia yalikuwa mambo ya upuuzi. Safari ya kwenda Taif kula zabibu ilikwama kwa sababu hakuna aliyemuuliza bibi mmoja mwenye goti bovu kama basi lina ngazi fupi. Harusi moja ilihamishwa ukumbi kwa sababu wenye ukumbi hawakuruhusu mtu wa nje kuingia jikoni kwao, na Somo akauliza, sasa biriani itapikwa na nani, na wapishi wanaoweka zabibu kavu? Kuna mwanamke mmoja hakupata kuwa mshika mfuko wetu kwa mwaka mzima, na sote tulijua kosa lake: aliwahi kusema mbele za watu kwamba pilau ya Somo ina mafuta mengi. Hiyo haikuwa busara. Ilikuwa ni kisasi cha pilau.

Na lipo moja ambalo mpaka leo likinijia nasikitika. Kina mama walikusudia kupanga chumba cha kuwafundishia watoto Kiswahili siku za Ijumaa. Chumba kilikwishapatikana, karibu na bahari, na mwalimu alikuwepo. Somo hakumpenda mwalimu. Alisema anawafokea watoto. Alhamisi ya kwanza bado, ya pili bado, ya tatu chumba kikapata mpangaji mwingine, na habari ikafia hapo. Wanangu mimi nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiarabu. Wananielewa kila neno, ila ulimi hautaki. Somo alikuwa anawasikiliza wakinijibu vile na uso wake unaanguka.

Alikuwa mtu wa kugombana bila ya kununa. Kuna binti mmoja wa kwetu aliyesoma mambo ya siasa chuo kikuu, na aliporudi alitaka kikao kianze kupiga kura, wengi wakubaliwe, yaishe. Akatueleza kwa ufasaha kwamba zamani huko Ulaya ilikuwepo nchi moja ambayo bunge lake lilikuwa na desturi kama yetu. Mbunge mmoja akisimama na kusema sikubali, kazi yote ya bunge inavunjika, hata kama wenziwe wote wamekubali. Nchi ile ikadhoofika mpaka majirani zake wakaigawana, ikamalizika.

Somo alimsikiliza vizuri sana. Alipenda wasichana waliosoma.

"Sasa nchi hiyo, mwanangu, ililiwa na yule mmoja au ililiwa na majirani?"

"Na majirani, Somo. Lakini majirani walikuwa wanampelekea yule mmoja bahasha ili aseme sikubali."

Watu walicheka, na Somo akacheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Hapo umenishika. Ila mie bahasha sijaletewa bado. Wanaozileta waambie nakaa ghorofa ya pili."

Kisha akaacha kucheka. Alisema, kwa sauti ya chini ambayo ilibidi tuinamie, "Sisi tuliokuja huku zamani tulikuja kwa sababu siku moja kule kwetu wengi walikubaliana tuondoke. Mimi nilikuwepo. Hakuna hata mtu mmoja aliyesema ngoja kwanza." Kikao kile hakikuanza kupiga kura. Mama zetu walipotunga ile desturi ya mikono, nadhani walikuwa wanalikumbuka jambo hilo hilo, ingawa hakuna aliyetuambia sisi watoto.

Nilipokuwa bado naamini kwamba Somo ni kero tu, akaja Nekesa.

Nekesa alikuwa Mkenya, Mkristo, mfanyakazi wa ndani katika jumba moja la mtaa wa Al-Hamra. Alitoka kwenda kutupa taka akiwa na kandambili, akamsikia Somo kando ya njia akigombana kwa Kiswahili na mwenzake juu ya bei ya nyanya, na akawafuata. Hakuwasemesha. Aliwafuata tu mpaka mlangoni kwa Somo, ndipo akaanza kulia.

Kikao kiliitwa siku hiyo hiyo, nami nikiwa mmoja wao, maana nilikwishakuwa mtu mzima. Nekesa aliketi katikati, miguu yake kaificha chini ya gauni.

"Mimi sirudi kwa hiyo nyumba," alisema. "Madam amechukua simu yangu, amechukua paspoti. Nalala jikoni, na kuamka ni saa kumi usiku. Nikisema niko mgonjwa ananiambia yalla, yalla. Nimeambia kafili, huyo mdhamini wangu, nataka kwenda nyumbani, akasema mafi, hakuna, mpaka miaka miwili iishe. Tafadhali, wamama."

Tulimwonea huruma, wallahi tulimwonea. Lakini tuliogopa zaidi. Ukikutwa umemficha mfanyakazi aliyetoroka, ikama yako, kibali chako cha kuishi, iko hatarini, na ya mumeo, na watoto wanatolewa skuli. Mama mmoja mpole kuliko sote ndiye aliyesema kwamba arudishwe kabla ya Magharibi, kwa maneno mazuri, na mwanamume mmoja mwenye heshima aende akamwombee kwa kafili wake. Tukakubali. Mikono ikanyanyuka, wangu ukiwemo.

"Mie bado," alisema Somo.

"Somo, leo si siku ya bado! Tutafungwa sote!"

"Hatukukubaliana. Na maadamu hatukukubaliana, hapana wa kwenda kumrudisha. Atakaa kwangu mpaka Alhamisi."

Alhamisi ilipofika alisema bado, na iliyofuata pia. Walimwambia ana roho ngumu, wengine wakaacha kumsalimu. Yeye huko nyumbani alikuwa na vita vyake na Nekesa juu ya ugali, ambao Somo alisema ni mgumu kama tofali, na juu ya Nekesa kusali kwa sauti asubuhi. Alimlalamikia kwetu kila siku, na hakumtoa. Mwishowe karatasi za safari zikapatikana ubalozini kwao Riyadh, Nekesa akaondoka kwa amani, na hakuna ikama ya mtu iliyoguswa. Hakuna aliyemwambia Somo ulifanya vizuri, na yeye hakumkumbusha mtu.

Basi baada ya hapo ikawa mazoea. Somo akizuia jambo, watu walinung'unika, kisha mmoja husema, "Huyu huona mbali." Na mimi nililishika neno hilo kuliko wote, kwa sababu nilikuja kulihitaji.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo nilipoposwa na kijana wa watu wetu waliohamia Riyadh. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa kuwa mume wangu analijua na ameshalicheka. Tuliwahi kuonana harusini mara mbili, tukazungumza mbele ya dada zake, na niliporudi nyumbani nilikuwa siwezi kula. Mama alifurahi, baba alifurahi. Kilichobaki ni kikao, kwani msichana wa kwenda kuolewa mji wa mbali alikuwa hatoki mpaka kina mama wamsomee Fatiha.

Mikono yote ikanyanyuka isipokuwa ya somo yangu mwenyewe, aliyenifunza kila kitu.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha vikombe, lakini siku hiyo hakuimba.

"Kwa nini, Somo? Umesikia nini juu yake?"

"Moyo wangu haujatulia, mwanangu."

"Moyo wako? Anayeolewa ni mimi!"

"Ngoja Alhamisi."

Nilingoja Alhamisi, nikangoja na nyingine, na nyingine tena. Mama alimpigia magoti, na mama yangu hakuwa mtu wa kupiga magoti. Kule Riyadh waliona tunawachezea. Mama wa yule kijana alipiga simu, akasema kwa adabu kwamba wanatuheshimu sana, kisha akasema halas, yaishe, na kabla mwaka haujesha tukasikia mwanawe ameoa.

Sikuacha kwenda kwa Somo. Nilikwenda kama mtu anavyokwenda kumwona mkubwa wake, nikambusu mkono, nikauliza hali. Niliolewa pale pale Jeddah na mtu mwema, na miaka ikapita, na kazi ya mume wangu ikatuhamishia Riyadh hiyo hiyo niliyonyimwa. Huko nilijiambia kila nilipomkumbuka kwamba Somo aliona kitu. Pengine yule kijana alikuwa na hasira, pengine ana maradhi ya ukoo, pengine Somo alipata siri na akanihifadhi nisiijue. Ilinisaidia kulala. Kisha mwaka juzi nikamwona yule kijana ndani ya metro, Olaya, yeye na mkewe, nywele zimeanza mvi. Mkewe alikuwa anamsimulia kitu na yeye anacheka mpaka ameshika mkono wa kiti. Walikuwa watu wawili wenye furaha yao. Nilishuka kituo kisicho changu.

Mwaka jana Somo akanipigia simu mwenyewe. Sauti ilikuwa nyembamba. "Njoo," alisema, "na usichelewe sana."

Nikapanda ndege ya asubuhi, nikiwa na tiketi ya kurudi jioni ile ile. Nilimkuta kitandani, katika chumba kile kile cha ghorofa ya pili, kiyoyozi kinanguruma, dirisha limefunguliwa kidogo kwa sababu alipenda kusikia magari ya pwani. Ule unene wote ulikuwa umekwenda. Nilimbusu mkono, nikavuta kiti.

"Nshawaomba radhi wote," alisema. "Wote niliowazuilia mambo yao. Wengine nimewapigia simu, wengine wamekuja. Yule wa pilau kaja na kalia, na pilau kaleta. Umebaki wewe."

"Somo, hayo mambo ya zamani."

"Ya zamani kwako? Basi mbona kila ukija unakaa kwenye kiti, karibu na mlango, na wenzio wote wanakaa hapa kitandani na mimi?"

Sikuwa nimejiona nikifanya hivyo.

"Ntakwambia kweli, mwanangu. Yule kijana sikuwa na neno naye. Sikusikia kitu juu yake, wala sikuota kitu. Alikuwa mzuri. Ila alikuwa anakuchukua Riyadh. Wewe ulikuwa unatoka skuli unakuja kwangu, unakula kwangu, unalala kwangu. Mie sina mtoto, sina mume. Nikasema, nizuie wiki moja tu, nizoee kuondoka kwako. Kisha nikasema moja nyingine. Sikujua kama watachoka upesi vile."

Kiyoyozi kilinguruma. Miaka yote ile nilikuwa nimejenga nyumba juu ya kitu alichokiona, na kumbe hakuona kitu. Alikuwa mwanamke mpweke aliyeogopa kula peke yake, basi.

"Nimekusamehe, Somo," nikasema.

Alinitazama kwa yale macho ya kikao.

"Hiyo ni ya kunikimbia. Mgonjwa akiomba radhi, mtu husema nimekusamehe kama anavyosema karibu chai. Mie nataka yako ya kweli. Kama leo huna, usinipe. Nitakwenda na deni lako hivyo hivyo, ni haki yako."

Nilikwenda jikoni kwake, nikafungua maji na kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua kama bado ipo. Wote walikuwa wamemsamehe. Nilifikiria hilo, nikafikiria kwamba wote wale, hata wangekuwa elfu, hawawezi kunisemea mimi. Mwenzangu wa kumtaka ushauri hakuwepo. Nilikuwa na uwezo ule ule aliokuwa nao yeye Alhamisi zile, na nikaona jinsi ulivyo mtamu, na jinsi mtu anavyoweza kuukalia wiki moja, kisha moja nyingine.

Nikarudi. Sikukaa kwenye kiti. Nilipanda kitandani, nikaketi karibu na magoti yake, nikamwambia. Nilimwambia jinsi nilivyokuwa siwezi kula, na jinsi nilivyomsikia mama akilia chooni baada ya ile simu. Nilimwambia kwamba siku ya harusi yangu, yeye alipokuwa ananifunga ushungi, nilikuwa nataka mikono yake iondoke kichwani mwangu. Nilimwambia juu ya metro, na kicheko cha yule mwanamke. Nilisema mengi, na mengine kwa ukali. Somo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha jambo lipite bila ya neno lake, alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimteremka masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

Niliponyamaza kulikuwa hakuna kitu kilichobaki tumboni mwangu. Nilikitafuta, sikukiona. Nikamwambia nimekusamehe, na mara hii hakunirudishia. Alinishika mkono, nikalala ubavuni pake juu ya shuka kama nilipokuwa natoka skuli, na tulipoamka sote wawili jua lilikuwa limezama na ndege ya Riyadh ilikuwa imekwishaondoka.